UKIPATA NAFUU, USIACHE DAWA

Somo letu la leo linahusu dawa za ugonjwa wa akili. Tutajifunza jinsi ya kuzitumia, jinsi ya kuzitunza, na kwa nini mgonjwa asiziache bila kumwona mganga wa zahanati au daktari. Kama nyumbani kwako hakuna mgonjwa wa namna hii, soma hata hivyo. Huenda jirani yako anaye.

Tuanze na mfano. Tumeutunga kwa ajili ya kufundishia, lakini mambo kama haya hutokea kweli katika vijiji vyetu vya ufukoni, toka Msangamkuu na Msimbati mpaka mdomoni mwa mto Ruvuma.

KIJANA MVUVI

Palikuwa na kijana mmoja mvuvi. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alikuwa hodari wa kazi na mpole kwa watu. Siku moja alianza kukosa usingizi. Baadaye akaanza kusikia sauti za watu wakimtukana, na watu hao hawakuwapo. Akakataa kunywa maji ya mtungini. Alisema wenzake wametia sumu. Usiku mmoja alitoka nje na panga.

Ndugu zake walimkamata, wakamfunga kamba kwenye mwembe. Wengine walisema ana majini. Wengine walisema amerogwa kwa sababu ya samaki wengi aliopata. Alikaa pale mwembeni siku 2. Kamba zilimkata mikono.

Mjomba wake alipofika alikasirika. Alisema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Siyo mbuzi. Mfungueni, twende zahanati."

Mganga wa zahanati alimwona, akaandika barua ya kwenda Hospitali ya Ligula, Mtwara mjini. Kijana alilazwa wiki 3. Alirudi nyumbani ametulia. Alikuwa na vidonge, na kadi yenye tarehe ya kurudi kliniki.

Baada ya miezi 4 alikuwa akishona nyavu na kwenda baharini kama zamani. Msimu wa korosho ulipofika alimwambia mama yake, "Mama, mimi nimepona. Vidonge hivi vinanilaza. Wenzangu wananicheka, wananiita mla vidonge. Naviacha."

Mama akajibu, "Kama umepona, mwanangu, Mungu ashukuriwe."

Vidonge vikatupwa. Wiki ya kwanza ilikuwa njema. Wiki ya pili pia. Watu wakasema, "Mnaona? Hakuwa na haja ya dawa." Wiki ya 5 usingizi ulipotea. Wiki ya 6 sauti zilirudi. Usiku mmoja wa bamvua, maji yakijaa, kijana alikimbilia kwenye mikoko. Wavuvi walimkuta alfajiri ameshikilia mti, maji yamemfika shingoni. Walimtoa akiwa hai.

Ndugu msomaji, kosa lilikuwa la nani? Hatuwezi kumlaumu kijana peke yake, wala mama yake. Hakuna aliyekuwa amewaeleza vizuri. Basi leo tuelezane.

UGONJWA WA AKILI NI NINI?

Ubongo ni kiungo cha mwili, kama tumbo au moyo. Kiungo chochote kinaweza kuugua. Ubongo ukiugua, mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwapo, kuwashuku watu ovyo, kuwa na furaha au hasira iliyopita kiasi, au kuwa na huzuni kubwa isiyokwisha. Siyo aibu ya ukoo, na mgonjwa hakuuchagua ugonjwa wake. Ugonjwa huu pia hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja.

Zamani, dunia nzima, watu hawa walifungiwa tu. Hapa kwetu Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianza mwaka 1927, lakini wakati huo hapakuwa na dawa ya kutuliza sauti zile. Mwaka 1952, huko Ufaransa, madaktari walianza kuwatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo klopromazini. Wagonjwa wengi waliokuwa wamefungiwa miaka mingi walitulia, wakaweza kurudi makwao. Baadaye zikaja dawa nyingine, kama haloperido.

Katika miaka ya 1980 mpango wa afya ya akili ulijaribiwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Waganga na wauguzi wa vijijini walifundishwa kuwahudumia wagonjwa karibu na nyumbani kwao. Shabaha ilikuwa kwamba mgonjwa asing'olewe kwao na kupelekwa mbali kama kuna njia ya kumtibu akiwa na ndugu zake. Na tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili, inayoeleza jinsi mgonjwa wa akili anavyopokelewa na kutibiwa.

DAWA INAFANYA KAZI GANI?

Wavuvi wataelewa haraka. Chukua chombo kinachovuja kidogo. Ukiwa safarini unafua maji, unafua tena, na chombo kinabaki kikavu. Je, mtu akikitazama akasema, "Chombo hiki ni kikavu, acha kufua maji," amesema kweli? Hapana. Ni kikavu kwa sababu unafua. Ukiacha, hutazama saa ile ile. Maji yataingia polepole, na utakapoyaona yatakuwa mengi.

Dawa za akili hufanya kazi namna hiyo. Mgonjwa ametulia kwa sababu anatumia dawa. Akiacha, ugonjwa haurudi kesho yake. Unaweza kurudi baada ya wiki kadhaa au miezi. Ndiyo maana watu hudanganyika.

Pia dawa hizi haziponyi kwa siku moja. Usingizi na utulivu huweza kuja katika siku za kwanza. Lakini mawazo mabaya na sauti huchukua wiki kadhaa kupungua. Dawa za huzuni kubwa nazo huchukua wiki 2 hadi 4, au zaidi, kabla ya kuonyesha nguvu. Usikate tamaa mapema.

Itumiwe kwa muda gani? Mtu aliyeugua kama kijana wetu kwa mara ya kwanza hushauriwa kuendelea na dawa angalau mwaka 1 baada ya dalili kwisha. Aliyeugua mara nyingi anaweza kuhitaji miaka mingi. Wapo pia wanaoweza kuacha dawa. Lakini daktari ndiye anayepunguza, kidogo kidogo, huku akimwangalia mgonjwa. Kuacha ghafla ni hatari.

MAUDHI YA DAWA

Yule kijana alisema vidonge vinamlaza. Alisema kweli. Dawa hizi zinaweza kuleta maudhi. Mgonjwa akilalamika, msimwambie anadeka. Msikilizeni. Maudhi ya kawaida ni haya:

1. Usingizi na uchovu. Mgonjwa asipande mnazi, asiende baharini peke yake, wala asiendeshe pikipiki mpaka ajue dawa inavyomfanya.
2. Mdomo kukauka na choo kuwa kigumu. Anywe maji mara kwa mara, ale mboga na matunda.
3. Mikono kutetemeka, mwili kuwa mzito, au miguu kukosa kutulia.
4. Ngozi kuungua upesi kwa jua, hasa kwa klopromazini. Mvuvi na mkulima wavae kofia na shati la mikono mirefu.
5. Kunenepa.

Maudhi mengi yana dawa. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, kusogeza dawa yote iliwe usiku, au kuongeza kidonge cha kuzuia kutetemeka. Kama kijana yule angekwenda zahanati kusema, "Dawa hii inanilaza nashindwa kufanya kazi," angesaidiwa bila kuacha dawa. Hakujua kwamba ana haki ya kusema.

Lakini kuna maudhi yasiyongoja tarehe ya kliniki. Shingo ikipinda, macho yakigeuka juu, au ulimi ukikakamaa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mwili ukikakamaa pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari kubwa. Usimpe dozi nyingine. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue dawa zake ili daktari azione.

HESABU YA VIDONGE

Wewe uliyejifunza kusoma na kuhesabu, hapa kisomo chako kinaweza kuokoa maisha. Tufanye hesabu.

Kadi ya mgonjwa inasema: kidonge 1 asubuhi na vidonge 2 jioni. Hivyo ni vidonge 3 kwa siku. Kwa siku 30 ni 3 mara 30, yaani vidonge 90.

Siku 20 zimepita. Vidonge vilivyoliwa ni 3 mara 20, yaani 60. Vinavyobaki ni 90 kutoa 60, yaani 30. Sasa fungua pakiti uhesabu. Ukikuta 45, kuna vidonge 15 visivyoliwa. Ni dawa ya siku 5 nzima. Usimgombeze mgonjwa. Muulize kwa upole kwa nini, kisha mwelezeni mganga.

Hesabu nyingine. Mvuvi anakwenda dago siku 10. Anahitaji vidonge 3 mara 10, yaani 30. Lakini upepo unaweza kumzuia. Aongeze akiba ya siku 3, yaani vidonge 9. Achukue 39. Avifunge vizuri visipate maji ya chumvi. Vivyo hivyo kwa anayevuka Ruvuma kwenda kuona ndugu upande wa Msumbiji, au anayehamia shambani msimu wa korosho.

Na masika je? Watu wa Kitaya, Mahurunga na Kilambo wanajua jinsi njia zinavyoharibika mvua zikikaza. Kabla ya mvua, mwambie daktari unakoishi. Muulize kama anaweza kukupa dawa za miezi 2 badala ya mwezi 1. Usingoje kidonge cha mwisho. Zikibaki dawa za siku 7, anza safari.

Ukisahau dozi, ile unapokumbuka siku hiyo hiyo. Lakini kama saa ya dozi nyingine imekaribia, iache iliyopita. Usile mara mbili kufidia.

Kuna wagonjwa ambao vidonge vya kila siku huwashinda. Kwao ipo sindano inayokaa mwilini muda mrefu. Nyingine huchomwa kila baada ya wiki 2, nyingine kila baada ya wiki 4. Ulizeni hospitali kama inamfaa mgonjwa wenu. Tarehe ya sindano nayo isipite.

MSIMAMIZI WA DAWA

Kila mgonjwa achague mtu mmoja anayempenda na kumwamini. Anaweza kuwa mama, mke, mume, dada au mjomba. Huyu atamkumbusha dawa na kwenda naye kliniki. Kazi yake si ya askari. Mgonjwa anapopata nafuu ashike kazi hiyo mwenyewe kidogo kidogo.

Msimamizi aweke dawa katika kopo lenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na watoto. Mgonjwa akiwa na huzuni kubwa, vidonge vyote vikae kwa msimamizi, naye ampe dozi moja moja. Dawa nyingi zikiliwa kwa pamoja zinaweza kuua. Mtu akisema anataka kufa, msidharau maneno hayo. Msimwache peke yake. Ondoeni dawa, kamba, visu na sumu ya mikorosho. Mpelekeni zahanati siku hiyo.

Siku ya kliniki chukueni kadi, vidonge vilivyobaki, na maswali yenu. Andika maswali nyumbani kwenye karatasi ili usisahau. Analala saa ngapi? Anakula? Anafanya kazi? Dawa inamwudhi wapi? Daktari anamwona mgonjwa kwa dakika chache. Ninyi mnakaa naye siku 30. Habari mlizo nazo ni mali.

Kama hamna uwezo wa kulipa, mwoneni ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini mumwulize juu ya msamaha wa malipo. Msikae nyumbani kwa sababu ya fedha bila kuuliza.

POMBE, MFUNGO, UZAZI NA WAGANGA WA KIENYEJI

Pombe na dawa za akili havipatani. Uraka wa mabibo, gongo, hata bia, huongeza usingizi na huweza kuamsha ugonjwa. Bangi ni mbaya zaidi kwa mtu anayesikia sauti. Marafiki wa kweli hawamshawishi.

Ukikaribia mwezi wa Ramadhani, nenda kliniki mapema. Dawa nyingine zinaweza kupangwa zikaliwa wakati wa futari na daku. Nyingine haziwezi. Dini haimlazimishi mgonjwa kufunga kama kufunga kunamdhuru. Muulize daktari, kisha muulize shehe wako.

Mama mwenye mimba asiache dawa kwa hofu, wala asiendelee kimya. Amwambie daktari mapema. Dawa iitwayo valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na inaweza kubadilishwa. Tena, kabamazepini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Kwa hiyo mweleze muuguzi dawa zote unazotumia.

Wengi wetu huenda kwa mganga wa kienyeji. Hatuwezi kujificha. Ukienda, mwambie kwamba mgonjwa ana dawa za hospitali na hataziacha. Mwambie daktari pia kuhusu mizizi mnayotumia, maana nyingine hugongana na vidonge. Mganga anayetaka mgonjwa apigwe, afungwe minyororo, anyimwe chakula au aache vidonge, mwondoe mgonjwa kwake.

DALILI ZA UGONJWA KURUDI

Mara nyingi usingizi ndio unaotangulia kupotea. Baadaye mgonjwa hujitenga, huongea peke yake, hukasirika upesi, hakogi, au huanza kuwashuku watu. Kila mgonjwa ana dalili yake ya kwanza. Kaeni naye akiwa mzima, mumwulize, "Tukiona nini tujue unaanza kuugua?" Liandikeni jibu lake nyuma ya kadi. Mkiiona dalili hiyo, nendeni zahanati siku hiyo, hata kama tarehe bado.

Akichafuka, watu wachache wanaoaminiwa naye wamkaribie. Ongeeni taratibu. Watoto na watazamaji waondoke. Panga na shoka viwekwe mbali. Kama mnashindwa, mwiteni mwenyekiti wa kijiji asaidie kutafuta usafiri na ulinzi. Kamba na minyororo haviponyi ubongo.

KIJANA YUKO WAPI SASA?

Kijana wa mfano wetu alirudishwa hospitali. Daktari alibadilisha dawa, akaipanga iliwe usiku. Mjomba wake akawa msimamizi. Mama yake, ambaye alikuwa amejifunza kusoma, aliandika tarehe zote ukutani kwa mkaa. Wavuvi wenzake waliitwa, wakaelezwa. Sasa wanapokwenda dago, nahodha mwenyewe huuliza, "Ndugu, vidonge vyako umechukua?" Hawamwiti tena mla vidonge.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mgonjwa wa akili anaweza kupata nafuu na kufanya kazi.
2. Nafuu siyo ruhusa ya kuacha dawa.
3. Dawa ikikuudhi, mwambie mganga au daktari. Usiitupe.
4. Hesabu vidonge. Rudi kliniki kabla havijakwisha.
5. Usingizi ukipotea, usingoje.

MASWALI YA KUJADILIANA

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Nanyi kaeni katika kikundi chenu mjadiliane:

1. Kwa nini kijana mvuvi aliacha dawa? Taja sababu 2.
2. Mama yake angemjibu nini?
3. Mgonjwa anakula vidonge 2 asubuhi na 2 jioni. Anahitaji vidonge vingapi kwa siku 30? Anasafiri siku 12 na anataka akiba ya siku 3. Achukue vingapi?
4. Katika kijiji chetu kuna mtu aliyefungwa au kufichwa ndani kwa sababu ya ugonjwa wa akili? Nani atakwenda kuongea na ndugu zake, na lini?

Swali la mwisho msilijibu kwa maneno tu. Chagueni watu wawili, wapangeni siku, waende.